Vituko vya uvuvi wa kwenye barafu: chanzo chake na dawa yake (uzi maalumu)

Mtarimbo_MN (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na baridi.

Maziwa yameshaganda na maswali ni yale yale ya kila Desemba: fimbo imemezwa na shimo, hema limeruka, maji yamejaa buti, fulani kamvua jirani yake badala ya samaki. Tuvikusanye hapa vituko vyote. Utaratibu ni mmoja: taja kituko, eleza kinatokana na nini, toa dawa. Simulizi za "siku moja mimi na shemeji" zina uzi wake, zipelekeni huko. Na sema uko wapi, maana sheria ya Minnesota, Marekani, si ya Finland.

Naanza na mtarimbo wenyewe. Ndicho chombo cha kwanza kushika mkononi na ndicho cha kwanza kuzama. Mtu anatembea, anapiga barafu mbele yake kila hatua mbili, vizuri kabisa. Akifika anataka kupanua shimo la zamani, anagongagonga, glovu zimelowa, chuma cha kilo nne hivi kimeshika utando wa barafu. Pigo la mwisho linafungua shimo, mtarimbo unapita moja kwa moja, na mwenyewe anabaki ameinama kama anayetafuta sarafu. Dawa ni kamba ya mita moja na nusu: ncha moja kwenye tundu la juu la mtarimbo, nyingine kitanzi cha mkononi. Mtarimbo usio na tundu utoboe. Ukishazama, sumaku ya kuopolea kwenye kamba huutoa, kwa sababu umesimama wima umechoma tope au umelala karibu tu na shimo.

Unene, kwa wageni wa humu. Idara ya Maliasili ya Minnesota inataja sm 10 za barafu mpya, ngumu na angavu kwa mtu anayetembea, sm 13 hadi 18 kwa pikipiki ya theluji, sm 23 hadi 25 kwa gari dogo, na sm 33 hivi kwa pikapu ya wastani. Barafu nyeupe, ile yenye theluji iliyogandia ndani, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo zidisha mara mbili. Mtarimbo ukipenya kwa pigo moja, geuka urudi kwa nyayo zako zilezile.

---

Fundi_Keekee

Asante mkuu. Mimi nitabaki kwenye kutoboa.

Siku hizi wengi wamehama keekee za petroli, wanafunga parafujo ya barafu (ule msokoto mrefu wenye visu unaotoboa shimo) kwenye drili ya betri ya volti 18. Ni nyepesi, haina harufu, inawaka hata kwenye baridi kali ukiilinda betri. Lakini ina kituko chake kinachojulikana: parafujo yote inachomoka na kwenda chini, mtu anabaki na drili mkononi ikizunguka hewani.

Sababu ni taya za drili, zile zinazobana kwa mkono. Ukishatoboa unataka kusafisha chengachenga shimoni, unageuza drili izunguke kinyume. Kuzunguka kinyume, huku parafujo imekwama kwenye uji wa barafu, ndiko kunakofungua taya. Unapoinua, zimeshalegea. Kwa hiyo:

- Weka sahani ya plastiki juu ya parafujo, pana kuliko shimo. Kwa shimo la sm 15, sahani ya sm 20. Taya zikiachia, sahani inakaa mdomoni mwa shimo.
- Usisafishe kwa kinyume. Ukishapenya, inua drili ikiendelea kuzunguka mbele, chenga zote zinatoka na maji.
- Gia namba moja, ya taratibu yenye nguvu, na mpini wa pembeni lazima. Meno yakikamata ukingo wa chini wa barafu wakati wa kupenya, drili hugeuka yenyewe na kiganja chako kinaifuata. Hapo hakuna kicheko.

Kituko cha pili: shimo la kwanza limetoboka kwa sekunde kumi, la pili, dakika ishirini baadaye, parafujo inateleza juu kama inacheza muziki. Watu husema visu vimekuwa butu. Havijawa butu. Vimelowa kwenye shimo la kwanza, maji yakagandia kwenye makali. Usigonge parafujo chini kuyaondoa: makali yanapinda, na pembe ya kisu ikibadilika kidogo tu haikati tena. Itumbukize kwenye shimo ulilokwisha kutoboa kwa dakika moja. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, maji ya ziwani ndiyo kitu cha moto kuliko vyote hapo ulipo.

---

Mgeni_wa_Barafu

Naomba kuuliza wakuu, na mnisamehe kama ni swali la kitoto. Ukishatoboa, kawaida maji yanasimama chini kidogo ya uso wa barafu. Kwa nini wakati mwingine yanabubujika juu na kusambaa mpaka hema zima linakuwa dimbwi? Ziwa lina presha?

---

Chubwi

@Mgeni_wa_Barafu swali zuri, si la kitoto hata kidogo. Ziwa halina presha ya ajabu, ni uzito wa theluji. Piga hesabu kwa mita moja ya mraba.

Barafu ya sm 30 ina uzito wa kilo 275 hivi. Maji ya sm 30 yana kilo 300. Tofauti ni kilo 25, na hizo ndizo zinazoibakiza barafu juu ya maji kwa sm 2.5 tu. Sasa theluji laini ya sm 25, yenye kilo 100 kwa mita ya ujazo, ni hizo hizo kilo 25. Ikizidi hapo, au ikiwa imeshindiliwa na upepo, uso wa barafu unakuwa chini ya usawa wa maji. Barafu ikiwa haina ufa, maji hayana njia, yanasubiri. Wewe ndiye unayewafungulia mlango.

Ishara: ukikanyaga theluji unaona nyayo zinageuka kijivu na kulowa. Huo ni uji, maji yameshapanda kupitia nyufa na theluji imeyafunika kama blanketi yasigande. Pikipiki ya theluji ikisimama hapo haiondoki, na usiku ukanda wake unagandia.

Dawa: toboa shimo moja la majaribio mita tano hivi kutoka utakapokaa. Yakibubujika, hama, tafuta pale upepo ulipofagia theluji. Huwezi kuhama? Piga theluji kwa koleo iwe jukwaa gumu, weka hema juu yake, na uvae buti za mpira.

---

Mgeni_wa_Barafu

Ndio maana! Asante sana mkuu Chubwi, hesabu imeeleweka.

---

DadaWaMilleLacs

Jamani, kituko cha kawaida kuliko vyote hamjakitaja: fimbo kumezwa.

Fimbo ya barafu ni fupi, sm 60 hadi 75, na inawekwa juu ya ndoo karibu na shimo. Samaki anayeitwa wolai (ni samaki, si kiapo, msianze) huwa anagusa chambo taratibu, halafu anaondoka nacho. Breki ya rili ikiwa imekazwa, mshipi hautoki, kwa hiyo kinachotoka ni fimbo. Sm 20 za shimo zinatosha kabisa kumeza fimbo na rili yake. Inachukua nusu sekunde, yaani ule muda wa kumimina chai.

Fanya hivi. Fimbo unayoiacha peke yake, legeza breki mpaka uweze kuvuta mshipi kwa vidole viwili bila nguvu. Au fungua kabisa waya wa rili na ubanie mshipi chini ya ukanda wa mpira kwenye mpini. Tumia kishikilio chenye miguu mipana, na si ukingo wa ndoo. Ndoo tupu huanguka pamoja na fimbo.

Ikishazama, usiondoke. Fimbo nyingi hulala chini ya shimo au mita chache pembeni, kwa sababu samaki mdogo hachoki kuivuta mbali. Chukua fimbo nyingine, funga chambo kizito cha chuma chenye ndoana ya makucha matatu, shusha hadi chini, kokota polepole kwa kuzunguka. Unachotafuta ni mshipi, sio fimbo. Ukihisi uzito laini unaokuja taratibu, vuta kwa mkono. Mara nyingine ule mshipi unakuja na wolai bado yuko mwisho wake, hasira tele. Ukikosa, toboa mashimo mengine manne kuzunguka la kwanza, mita moja moja, urudie.

Kwa wasiojua: Minnesota wakati wa barafu unaruhusiwa mishipi miwili, wakati wa kiangazi mmoja. Huo wa pili ndio unaomezwa.

---

KibenderaJuu

Dada umenikumbusha kibendera. Ni kifaa kinachokaa juu ya shimo, kigurudumu cha mshipi kiko ndani ya maji kisigande, samaki akivuta kigurudumu kinageuka na kuachia waya, bendera inaruka. Hapo ndipo utaona watu wazima wanakimbia juu ya barafu kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko, na nusu yao wanaanguka kabla ya kufika. Vaa njumu za mpira zenye meno ya chuma juu ya buti. Dola ishirini inaokoa kiuno.

Bendera za uongo zina sababu tatu. Upepo: geuza kifaa bendera ilale kuufuata upepo, na hamishia waya unaoshika bendera kwenye upande wa kifyatulio wenye kijipengo. Chambo kikubwa mno: kidagaa hai cha sm 15 kina nguvu ya kugeuza kigurudumu chenyewe, kwa hiyo tumia cha sm 8 hadi 10 au bana chubwi ndogo sm 40 juu yake. Ya tatu ni samaki aliyeshika kisha akaachia. Ukifika, usivute upesi. Tazama kigurudumu. Kikizunguka, shika mshipi kwa vidole, subiri uhisi uzito, ndipo uvute. Kikiwa kimya, nyanyua mshipi sm 30 uushushe tena.

Na jambo lililowaletea wengi faini: sheria ya hapa Minnesota inataka uwe ndani ya futi 200 za kibendera chako, mita 60 hivi. Kukitazama kwa darubini ukiwa ndani ya gari upande wa pili wa ziwa si kukisimamia.

---

Chubwi

Tuje kwenye watu wawili kuvuana. Hema moja, mashimo mawili, sm 60 kati yake, maji mita 8. Samaki anashika upande huu, anazunguka mshipi wa jirani, jirani anahisi mvutano, anapiga yowe "ninaye!" Wote wanazungusha rili, wote fimbo zimepinda, wote wanashangilia. Samaki keshaondoka zamani. Wanachovua ni wao kwa wao.

Utajuaje? Mvutano wako unapanda pale pale mwenzako anapovuta, na unashuka akipumzika. Samaki hafuati mdundo wa jirani. Mwambie mwenzio asimame kabisa kwa sekunde tano. Kama na "samaki" wako amesimama, mmekwisha. Mmoja afungue mshipi wote ulegee, mwingine apandishe fundo, kisha kateni mshipi ulio wa bei rahisi.

Kinga: mmoja akisema ninaye, wengine wote watoe mishipi majini, bila mjadala. Na mashimo yawe mita moja na nusu kutoka jingine.

Tatizo linalofanana na hilo ni chambo kinachojizungusha kama pia. Rili ya kawaida husokota mshipi, na katika baridi mshipi wa nailoni unakumbuka umbo la kigurudumu. Unashusha chambo cha gramu 2, kinazunguka mfululizo, samaki anakitazama, anakiogopa. Weka kiungio kidogo cha chuma kinachozunguka sm 45 juu ya chambo, au tumia rili inayotoa mshipi moja kwa moja bila kusokota.

---

Pilkki_Tampere

Salamu kutoka Finland. Huku vituko ni tofauti kidogo, kwa sababu hatubebi nyumba. Mvuvi wa huku anakaa kwenye mkoba wenye miguu ya kiti, kifimbo cha sm 20 mkononi, chambo kidogo cha risasi au tangsteni chenye kiluwiluwi (buu wa nzi) kwenye ncha, na anatoboa shimo jipya kila baada ya dakika tano. Kutoboa mashimo thelathini kwa mkono kwa siku si ajabu. Na ni bure: uvuvi wa aina hii, fimbo moja ya mkononi juu ya barafu, ni haki ya kila mtu, hauhitaji ada, isipokuwa kwenye maporomoko na sehemu zilizokatazwa.

Hayo mashimo mengi ndiyo mtego. Shimo la sm 15 haliingizi mtu, ila linaingiza mguu mpaka gotini. Likigandia juu kwa sm mbili na theluji ikalifunika, halionekani. Huku unaliwekea alama: tawi la msonobari, au zile chenga zilizotoka shimoni unazirundika kando. Hapo Marekani mnatoboa sm 20 na 25, kwa hiyo nanyi mtumbukize matawi.

Kituko cha chambo: viluwiluwi vikiganda havina kazi, na wazee wengine huviweka chini ya mdomo wa chini ili vibaki na joto. Ndiyo, mdomoni. Sipendekezi. Mfuko wa ndani wa shati, kwenye kikopo chenye tundu na vumbi la mbao, unafanya kazi ileile na bado unaweza kula chakula chako.

Halafu jambo ambalo si kituko. Kila mtu huku anavaa naskali shingoni, misumari miwili yenye mipini iliyounganishwa kwa kamba. Ukitumbukia, geukia ulikotokea, maana barafu hiyo ilikubeba. Choma misumari, piga miguu kama unaogelea mpaka ulale kifudifudi, kisha bingirika. Usisimame mapema. Naskali ndani ya mkoba haina maana yoyote, mkoba uko mgongoni na mikono yako ina dakika chache tu kabla ya kugoma.

---

MamaSambusa

Pilkki umenichekesha na viluwiluwi. Nami niongezee mdomo: watu wanaobana koleo la kunyofolea ndoana kwa midomo ili mikono iwe huru. Nyuzi 20 chini ya sifuri, chuma kinavuta joto haraka kuliko mwili unavyolileta, mate yanaganda, koleo linabaki pale. Unaweza kuona mtu anaashiria kwa mikono miwili hasemi. USIVUTE. Mimina chai ya vuguvugu kidogo kidogo pale pale, inaachia. Koleo lifungwe kamba kwenye zipu ya koti.

Kuhusu chakula, kwa sababu najua ndicho mnachoweka nyuma. Soda za kopo hupasuka, maji ndani yake yakiganda huongezeka ujazo. Ziweke kwenye kisanduku cha barafu, ndiyo, kile cha kiangazi: huko huzuia baridi isiingie. Sambusa na chapati zifunge kwenye karatasi ya fedha na taulo, ziweke juu ya heta dakika chache, msiziweke kando ya ndoo ya dagaa. Thermosi ijazwe kwanza maji yanayochemka dakika tano, yamwage, ndipo utie chai. Chai inakaa moto muda mrefu zaidi.

Simu: mfuko wa ndani, upande wa kifua. Betri ya lithiamu kwenye baridi haijaisha chaji, imeshindwa kuitoa. Ikishapata joto, asilimia zinarudi. Na usichaji betri ya lithiamu ikiwa bado chini ya sifuri, hapo unaiharibu kweli. Ipashe moto kwanza.

---

KibenderaJuu

Hema. Hema la mwavuli, lenye mbavu zinazosukumwa nje upande mmoja mmoja. Likifunguka tu, ni tanga. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unalitosha kuvuka ghuba nzima, na heta, viti na kofia ya mwenyewe ndani yake. Anayelikimbiza huwa ameshika kamba moja, na anateleza nyuma yake kama mwana-mbwa.

Kosa ni mpangilio. Watu hulifungua lote, ndipo watafute parafujo za kulifunga (zile ndogo za kushikilia hema, si ile ya kutobolea). Geuza utaratibu:

Kabla ya kugusa mbavu, funga parafujo ya barafu kwenye pembe moja ya upande unaotoka upepo. Fungua mbavu ya upande huo huo kwanza, funga pembe yake ya pili. Sasa mbavu nyingine, za upande wa mbali na upepo mwisho kabisa. Halafu kamba za katikati ya kila ukuta. Sukumia theluji kwenye pindo lote la chini. Kufungasha ni kinyume: upande wa upepo ndio wa mwisho kufunguliwa.

Parafujo zinazokataa kuingia kwenye barafu ngumu zianzishwe kwa tundu dogo la drili, jembamba kuliko parafujo. Kiganja kitakushukuru.

---

Mtarimbo_MN

Naongeza onyo kwenye hema. Heta ya gesi ndani ya nguo iliyofungwa pindo lote inakula oksijeni na inatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Acha tundu moja chini na moja juu wazi, na weka king'ora chake. Kichwa kikianza kuuma nanyi mnacheka hovyo kwa kila kitu, hiyo si furaha ya uvuvi. Tokeni nje.

---

DadaWaMilleLacs

Na sauti? Mgeni akilala mara ya kwanza juu ya ziwa anakaa macho mpaka asubuhi. Barafu inalia, inanguruma, halafu inatoa ule mlio wa "pyuuuu" kama bunduki za sinema za angani.

Jua likizama barafu inasinyaa, likichomoza inatanuka, mahali fulani inapasuka. Mpasuko husafiri kama wimbi ndani ya bamba la barafu, na katika bamba sauti nyembamba hukimbia kuliko nene. Kwa hiyo ukiwa mbali unasikia nyembamba kwanza, nene inafuata, ndiyo hiyo "pyuuu" inayoshuka. Barafu nene yenye afya hulia sana. Ile laini ya Machi, iliyooza na kuwa vijiti vijiti, hukaa kimya, na hiyo ndiyo ya kuogopa.

---

Mgeni_wa_Barafu

Sasa nielezeni huyu samaki anayejisokota mkononi, nimeona video nikadhani ni nyoka.

---

Chubwi

Huyo ni baboti, wengine humwita ilpauti. Jamaa wa chewa wa baharini (cod) aliyehamia maji baridi, na anataga mayai katikati ya kipupwe, chini ya barafu. Ukimshika kichwa, mkia mrefu unazunguka kiwiko na kubana. Hana meno ya kuogopesha, hana sumu, ni utelezi tu. Mtu hutupa fimbo, hutupa samaki, hutupa na glovu. Mji wa Walker, kwenye ziwa Leech huku Minnesota, umejulikana kwa tamasha lake.

Mshike kwa taulo nyuma ya kichwa, mlaze juu ya theluji. Usimtupe! Minofu miwili ya mgongoni, ikatwe vipande vya sm 3, ichemshwe kwenye maji ya chumvi dakika tatu nne, ichovywe kwenye siagi. Au ipikwe kwa nazi na ndimu, mtaacha kumwita nyoka.

Samaki mwingine wa vituko ni paiki. Kwenye shimo la sm 15 anakuja paiki wa mita moja, kichwa hakiingii, anakaa mlalo chini ya barafu kama boriti. Wengi huvuta kwa nguvu, mshipi unasugua ukingo mkali wa barafu, unakatika. Mwache akimbie, mara mbili, tatu. Akichoka, ongoza pua yake iingie shimoni, na ikishaingia usisimame, endelea kumpandisha kwa mwendo mmoja. Mshike chini ya kifuniko cha shavu, pembeni, mbali na meno na mashavu mekundu. Waya wa chuma wa sm 30 mbele ya ndoana, la sivyo mshipi ni mlo wake.

Na mkivua maji ya zaidi ya mita 9, samaki wa jamii ya wolai na pachi hupanda na kibofu cha hewa kimevimba, wakati mwingine tumbo limetokeza mdomoni. Ukimrudisha hazami, anaelea chini ya barafu hadi afe. Ukishapata idadi yako, hama kina hicho.

---

Fundi_Keekee

Pachi wa sinki! Hamjamtaja. Unavua pachi kumi, unawatupa juu ya barafu, wanakakamaa kama vijiti. Nyumbani unawaweka kwenye sinki la maji ya bomba. Baada ya muda kitu kinapiga mkia jikoni. Ngozi na mapezi ndiyo yaliyoganda, ndani bado hakujaganda na damu inatembea. Wauawe mara tu wakitoka, pigo moja juu ya macho. Nyama inakuwa bora na mke hapigi kelele.

---

KibenderaJuu

Magari, kwa haraka. Usivute breki ya mkono ukishapita kwenye uji wa barafu, inagandia na gari halitoki. Endesha polepole, kwa sababu gari husukuma wimbi kwenye maji yaliyo chini ya barafu. Kwenye kina cha mita 3 wimbi hilo lina mwendo wa kilomita 19 au 20 kwa saa. Ukienda kasi ileile, unaliandama na kulilimbikiza, na likifika ufukweni linapasua barafu mbele yako. Vioo wazi, mkanda umefunguliwa. Minnesota gari likizama mwenye gari ana siku 30 za kulitoa, kwa gharama zake.

Na angalieni upepo kwenye maziwa makubwa. Novemba 2022, watu karibu 200 walibaki kwenye pande la barafu lililokatika ziwa Upper Red, Minnesota, na Februari 2009 kwenye ziwa Erie watu zaidi ya mia moja, mmoja akafariki. Barafu ilikuwa nene ya kutosha. Upepo ulitoka nchi kavu ukaisukuma.

---

Pilkki_Tampere

Wenye vibanda vya kudumu: viwekeni juu ya vipande vya mbao tangu siku ya kwanza. Joto la ndani huyeyusha barafu chini ya sakafu, maji hupanda, usiku yanagandia, na Machi kibanda ni sehemu ya ziwa. Sielewi kwa nini jambo hili linarudiwa kila mwaka.

---

Mtarimbo_MN

Hasa kwa hapa, kwa sababu vibanda lazima vitoke Jumatatu ya kwanza ya Machi kusini, na ya tatu kaskazini mwa jimbo. Kila wiki mbili kiinueni kwa jeki, sogezeni mbao.

---

Mgeni_wa_Barafu

Swali la mwisho kwa leo wakuu. Dagaa waliobaki kwenye ndoo naweza kuwamwaga shimoni? Na funguo za gari zikidondoka shimoni, sumaku ile ya mtarimbo inasaidia?

---

DadaWaMilleLacs

Dagaa usiwamwage, ni kosa kisheria, na maji ya ziwa lazima uyamwage kabla ya kuondoka. Ukitaka kuwabakiza hai, badilisha uweke maji ya nyumbani yasiyo na klorini, uliyokwisha kuja nayo.

Funguo: ndiyo, kama pete yake ni ya chuma. Shusha sumaku taratibu mpaka iguse, usiichape kwenye tope, izungushe kidogo kidogo. Ukiinua, pitisha polepole mdomoni mwa shimo, maana hapo ndipo pete inapogonga ukingo na kubanduka. Na kabla ya yote funika shimo jingine lililo jirani.